Majani ya Buluu: Siku Nane za Desemba Uswidi

Sebuleni kwa mama, Kibaha, juu ya kabati la vyombo kuna picha iliyotoka kwenye kalenda. Ni kalenda ya mwaka gani, hakuna ajuaye tena, kwa sababu upande wa tarehe ulikatwa kwa mkasi ikabaki picha peke yake. Baba aliitia fremu ya mbao na kioo. Alikuwa seremala katika kile kituo cha elimu kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, na mwalimu mmoja Mswidi alipokuwa anafungasha kurudi kwao alimwachia kalenda hiyo pamoja na sanduku la patasi. Patasi zimekwisha. Picha ipo.

Inaonyesha chumba chenye dirisha refu. Vyungu vya mimea vimepangwa dirishani, na msichana amesimama akimwagilia maji. Hakuna zaidi ya hapo. Jua la Kibaha limeila kwa miaka mingi: njano imekwenda, nyekundu imekwenda, imebaki buluu. Kwa hiyo sisi watoto wote wa nyumba ile tumekua tukijua kwamba Ulaya kuna mimea yenye majani ya buluu.

Nilipomuaga mama kwamba naenda kumtembelea mdogo wangu Uppsala, aliniombea safari njema, kisha akaelekeza kidole ukutani. "Kaniangalizie hayo majani, mwanangu. Ni ya buluu kweli?"

Nyuma ya fremu baba aliandika kwa penseli jina la mchoraji: Carl Larsson. Nikapanga safari yangu nzima kwa jina hilo.

Siku ya 1. Jumanne, 9 Desemba. Uppsala

Ndege ilitua mchana. Saa tisa kasoro robo jua lilikuwa limekwisha zama. Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuliona giza linashuka watu hawajanywa hata chai ya alasiri ni kitu kingine.

Mdogo wangu ni muuguzi, amekaa huku miaka tisa. Kwenye basi aliniambia, "Dada, usiangalie mbingu. Angalia madirisha." Nikaangalia. Karibu kila dirisha lilikuwa na taa: nyota ya karatasi inayoning'inia, au kinara cha mbao cha mishumaa saba ya umeme iliyopangwa kama paa la nyumba, mrefu katikati na mifupi pembeni. Mapazia hayakufungwa. Unaona hadi ndani: rafu ya vitabu, sufuria, mtu anakuna kichwa mbele ya kompyuta. Kwetu taa ya nyumba ni ya waliomo ndani. Hapa mwezi Desemba taa inawekwa dirishani imtazame mpita njia.

Vinara vile vina historia fupi kuliko nilivyodhani. Mwaka 1934 mfanyakazi mmoja wa Philips mjini Göteborg, Oscar Andersson, alichukua taa za mti wa Krismasi zilizobaki kazini akazipachika kwenye kinara cha mbao. Miaka mitano baadaye vikaanza kuuzwa madukani. Leo usiku nimevihesabu kutoka dirisha la chumba nilicholala, nikafika thelathini na moja nikapitiwa na usingizi.

Siku ya 2. Jumatano, 10 Desemba. Uppsala

Mdogo wangu yuko zamu. Nimekwenda peke yangu kwenye duka la mitumba, na hapo nimekaa saa tatu.

Wengine mtaniuliza, umetoka Tanzania kwenda kutafuta mitumba? Ndiyo. Kuna rafu nzima ya vitambaa vya meza vya kitani, vya bibi waliofariki na wajukuu wasiojua pa kuviweka. Nilikichukua kimoja cheupe, kimetariziwa herufi mbili pembeni kwa uzi mwekundu, mishono midogo ya msalaba. Katikati kilikuwa na kasoro. Nilikipeleka kwenye mwanga nikaona kwamba mtu alikitililia: palipotoboka, pana ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, alipitisha uzi mweupe wima, halafu akaupitisha mlalo, juu na chini, juu na chini, mpaka akasuka kitambaa kipya ndani ya kitambaa. Ukipitisha kidole husikii mpaka. Unauona tu kwa sababu uzi wake umebaki mweupe zaidi ya uliouzunguka.

Mama ana vitambaa vya kroshia kwenye kila kochi, juu ya redio, juu ya televisheni, hata juu ya ndoo ya maji ya kunywa. Nilipokuwa msichana nilivionea aibu nikiona ni ushamba. Leo nimesimama katika duka la baridi nikiwa nimeshika kazi ya mwanamke nisiyemjua nikatamani kumwomba mama msamaha. Kroni 40. Nimekinunua.

Siku ya 3. Alhamisi, 11 Desemba. Stockholm

Treni asubuhi, Nationalmuseum, yaani jumba la taifa la sanaa, kurudi jioni. Nitaandika mambo mawili tu.

La kwanza ni picha kubwa ya Larsson iliyo juu ya ngazi kuu, *Midvinterblot*, yenye upana wa zaidi ya mita 13. Inaonyesha mfalme wa hadithi za kale akitolewa kafara mbele ya hekalu la Uppsala. Aliimaliza mwaka 1915, jumba likaikataa, naye akafariki mwaka 1919 na uchungu huo moyoni. Ilizunguka hadi ikanunuliwa na Mjapani, na mwaka 1997 hatimaye jumba likainunua na kuirudisha kwenye ukuta ule ule iliochorewa. Ni kazi ya kutisha kwa ukubwa na dhahabu. Nilisimama mbele yake dakika kumi, nikaiheshimu, nikaondoka bila kuguswa.

La pili: picha zake ndogo za rangi za maji, zile za nyumbani kwake, zimo humo humo lakini nyingi zinakaa gizani ghalani. Mwanga unaila rangi ya maji juu ya karatasi. Nilipoelezwa hivyo nilicheka kwa furaha, nikaukumbuka ukuta wa Kibaha. Huku wanaificha picha isiliwe na mwanga. Mama aliiacha ikaliwa, kila siku tukiitazama.

Siku ya 4. Ijumaa, 12 Desemba. Falun

Treni ya asubuhi ilifutwa. Iliyofuata ilichelewa saa mbili na hakuna aliyetueleza sababu, tumesimama kituoni baridi ikipenya soli za viatu. Mama mmoja mzee aliyekuwa anafuma soksi alinisogezea nafasi kwenye benchi, akanipa biskuti ya tangawizi kutoka kwenye kopo la bati. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilimwonyesha kwa ishara kwamba kisigino cha soksi ndicho kinachonishinda, akaniachia sindano nikajaribu mistari miwili. Nadhani aliifumua nilipoondoka, na ni haki yake.

Falun tulifika giza limeshaingia, lakini shimo la mgodi wa shaba linaangaziwa. Ni bonde lililobomoka lenyewe mwaka 1687, karibu mita 100 kwenda chini. Hakufa mtu, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi na wachimbaji walikuwa mapumzikoni. Karne ya 17 mgodi huu ulitoa sehemu kubwa ya shaba ya Ulaya. Ulifungwa mwaka 1992, na tangu 2001 umo kwenye orodha ya UNESCO.

Mimi nilifuata takataka zake. Kile kifusi kilichobaki baada ya shaba kutolewa kina madini ya chuma, na ukikichoma kinageuka chekundu. Huchanganywa na maji, unga wa nafaka ya rai na mafuta ya mbegu za kitani, ukapata rangi ya ukutani inayolinda mbao. Ndiyo maana nyumba za mashambani Uswidi ni nyekundu, zile mnazoziona kwenye kadi. Zamani nyekundu ilipakwa na wakubwa ili mbao zifanane na matofali ya gharama, baadaye ikawafikia wakulima. Nchi nzima imevaa rangi iliyotoka kwenye kifusi. Juu ya theluji, chini ya taa moja ya barabarani, nyekundu ile ina joto kama la udongo wa Lushoto baada ya mvua.

Siku ya 5. Jumamosi, 13 Desemba. Falun na Sundborn

Leo nitaandika kirefu.

Saa moja asubuhi tulikuwa kanisani, mimi na mdogo wangu, giza totoro nje na taa zote zimezimwa ndani. Watu wanakohoa, watoto wananong'ona. Kisha wimbo ukaanza nyuma yetu, mbali, sauti za wasichana, na ule mwanga ukaanza kusogea kwenye dari kabla hatujamwona aliyeubeba. Ni sikukuu ya Mtakatifu Lusia, bikira wa Sirakusa aliyeuawa kwa imani yake mwaka 304. Kwa kalenda ya zamani usiku wake ulihesabiwa kuwa ndio mrefu kuliko wote. Msichana wa mbele amevaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu kiunoni, kichwani taji la mishumaa. Nyuma yake wenzake kila mmoja na mshumaa mkononi, na wavulana wenye kofia ndefu za karatasi zenye nyota. Anatembea shingo imenyooka kama mwanamke aliyejitwika ndoo, na kwa sababu ile ile.

Baada ya ibada tulipewa kahawa na mikate ya zafarani, ya njano, iliyosokotwa kama herufi S na zabibu kavu kila ncha. Mdogo wangu alilia kidogo. Akasema miaka yote tisa haachi kulia siku hii.

Kisha basi hadi Sundborn, kijiji cha kilomita kama 13 kutoka mjini. Na pale, kando ya mto, ndipo ilipo nyumba ya kwenye picha yetu.

Inaitwa Lilla Hyttnäs. Mwaka 1888 baba yake Karin Bergöö aliwapa bintiye na mkwewe Carl kama kijumba cha kawaida cha mbao. Wakaiongeza chumba kwa chumba, wakazaa watoto wanane, mmoja akafa mchanga, na mwaka 1901 wakahamia moja kwa moja. Juu ya mlango wa kuingilia pameandikwa kwa rangi maneno ya kumkaribisha mgeni, kwamba karibu, mpenzi, kwa Carl Larsson na mkewe. Mtu wa pwani akisoma maneno mlangoni anajisikia yuko kwao. Sisi tunayaweka kwenye kanga.

Dari ni za chini, vyumba vidogo. Nilitarajia jumba. Mkiwa watu kumi na wawili kwenye chumba cha kulia inabidi mpumue kwa zamu. Lakini rangi! Mbao za ukutani kijani, viti na miimo vyekundu, bila kuogopa. Tuliotoka kwenye giza la nje tulinyamaza wote. Kwenye milango Carl amechora sura za watu wa nyumbani, hivyo unapofungua mlango ni kama unampisha mtu.

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba kiangazi cha mwaka 1894 mvua ilinyesha wiki baada ya wiki, Carl hakuweza kuchora nje, akawa hatulii. Karin akamwambia achore nyumba. Akachora sebule, jiko, watoto wakivua nguo za kulala, mbwa sakafuni, na kitabu chake *Ett hem* kilichotoka mwaka 1899 kikazipeleka picha 24 za nyumba hii kwa watu waliokuwa wamezoea kuona makochi mazito ya mahameli na mapazia ya kuzuia mwanga.

Ninachotaka kukisema kwa nguvu ni hiki: picha ni za Carl, lakini kilichochorwa ni kazi ya Karin. Alikuwa mchoraji aliyesoma kwenye akademia ya Stockholm, walikutana na Carl kijijini Grez huko Ufaransa. Baada ya ndoa aliiacha brashi akashika nyuzi. Juu ya kochi la chumba cha kulia kuna zulia la ukutani alilolifuma yeye, linaonyesha elementi nne, ardhi, maji, hewa na moto, kwa maumbo yaliyokatwa kavu ambayo ungedhani yamebuniwa mwaka jana. Kati ya chumba cha Carl na cha kwake kuna pazia, *Waridi la Mapenzi*, nalo ni la mkono wake. Foronya, mapazia ya kitanda, vitambaa vya meza vyenye alizeti, nguo pana za kazi zisizobana kiuno, kiti cha kubembea alichokibuni na seremala wa kijijini akakitengeneza. Nilipiga magoti kuangalia ukingo wa kitambaa kimoja. Mshono wa nyuma ni safi sawa na wa mbele. Mama huwa anakigeuza kitambaa upande wa nyuma kabla hajakisifu.

Halafu sebuleni nikaliona dirisha.

Nilijua kabla mwelezaji hajasema. Lilikuwa dogo kuliko la kwetu ukutani, kwa vile la kwetu nimelitazama nikiwa mfupi. Nje theluji na anga la kijivu, na ndani vyungu kwa mpangilio ule ule. Niliangalia majani kwa muda mrefu, nikiyafanyia kazi niliyotumwa. Ni ya kijani. Kijani cha kawaida kabisa, kizito, chenye vumbi kidogo kwenye jani moja la chini. Mdogo wangu aliyekuwa nyuma yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ni yale ya buluu," nikashindwa kumjibu.

Siku ya 6. Jumapili, 14 Desemba. Falun

Jumapili ya tatu ya Majilio, mshumaa wa tatu. Mchana jumba la makumbusho la Dalarna, mkoa wenye mji huu wa Falun.

Humo kuna picha ambazo wachoraji wa vijijini walikuwa wakizichora kwenye kuta na mabango ya nyumba za wakulima kuanzia mwisho wa karne ya 18. Ni habari za Biblia, lakini wanawali kumi wamevaa kama mabibi wa mjini na wafalme wamepanda farasi wakiwa na kofia na buti za wakati ule. Juu ya kila kitu kunapasuka maua makubwa yasiyokuwepo duniani, ua ndani ya ua, yanayoitwa *kurbits*. Neno hilo lina asili ya mboga jamii ya maboga, na wanalihusisha na ule mmea ambao Mungu aliuotesha usiku mmoja kumtia Yona kivuli. Kwenye Biblia yetu ni mtango. Mkulima wa kaskazini, miezi sita ya baridi, amemchora Yona na mtango wake ukutani mpaka ukajaa dari. Kivuli alikuwa nacho cha kutosha. Nadhani alihitaji majani.

Siku ya 7. Jumatatu, 15 Desemba. Nusnäs

Kijiji karibu na Mora ambako wanachonga farasi wa mbao. Zamani wanaume waliolala msituni kukata miti walichonga vifarasi jioni mbele ya moto, wakawapelekea watoto. Mwaka 1939 farasi mkubwa wa aina hii alisimamishwa kwenye maonyesho ya dunia New York, na tangu hapo akawa nembo ya nchi.

Ni msonobari. Msumeno unakata umbo, kisu cha mkono kinamtoa farasi, msasa, rangi nyekundu ya kuchovya. Nilichokaa kukitazama ni hatua ya mwisho. Mchoraji anachovya brashi moja upande huu rangi hii, upande wa pili nyeupe. Anaiweka shingoni mwa farasi, anaizungusha kwa kifundo cha mkono, anainyanyua. Jani limetokea, upande mmoja wa giza na mwingine wa nuru, kwa mpigo mmoja. Hakuna kurudia. Nilimwona akifanya farasi wanne na hakuna jani lililofanana na jingine, ingawa ukiwatazama kwa mbali ungesema ni mapacha.

Siku ya 8. Jumanne, 16 Desemba. Uppsala

Theluji imeanguka usiku kucha. Tumeoka mikate asubuhi, na mdogo wangu anatwanga iliki kwenye kinu kidogo cha mawe kwa sababu Waswidi wanaipenda iliki kwenye mikate yao kuliko hata sisi kwenye maandazi. Harufu ilipopanda tukaangaliana, tukaona tumpigie mama kwa video.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mmejifungia kama wagonjwa, hizo nguo zote?"

Nikamwonyesha kitambaa cha kitani. Akaniambia nikisogeze kwenye simu, zaidi, zaidi. Nikamwonyesha palipotililiwa. Akakaa kimya, kisha akasema, "Huyo alikuwa na macho." Kwa mama hiyo ni sifa ya juu kabisa.

Ndipo nikatoa picha niliyoinunua dukani Sundborn, ile ile yetu, chapa mpya. Dirisha, vyungu, msichana. Kila kitu kina rangi yake: mbao za joto, mashavu ya mtoto, majani ya kijani. Nikamwambia, "Mama, nimeyaona kwa macho yangu. Ni ya kijani. Ni jua tu lililoyageuza. Nikirudi nitakubadilishia."

Akaiangalia. Nyuma ya bega lake ilionekana ile ya zamani ukutani, imekaa upande kidogo kama kawaida.

"Nzuri," akasema. "Itundike pembeni yake. Ile ya baba yako usiitoe."